Magharibi Kamili

Mjini Kiel, bandari ya Wajerumani, miaka ile baada ya vita, nahodha akitaka dira yake irekebishwe alielekezwa kwa Boje Lorenzen, ghorofa ya pili, nyumba ya matofali karibu na mlango wa mfereji. Mafundi wa dira walikuwepo wengine, tena wachangamfu kuliko yeye. Manahodha walimfuata Boje kwa sababu alikuwa msumbufu. Alipanda chomboni asubuhi, akakizungusha hapo baharini mpaka mpishi akaona kizunguzungu, akapima, akaandika, na ukidhani amemaliza alisema, "Tena." Ukimnung'unikia alikutazama kwa macho yake ya kijivu kana kwamba umemtukania mama, halafu akasema tena, "Tena."

Dira ndani ya meli ya chuma ni mwongo wa kuzaliwa. Chuma huivuta sindano, na kila meli inapogeuka huivuta kwa namna nyingine. Kazi ya Boje ilikuwa kupanga vipande vya sumaku chini ya dira mpaka uongo upungue, kisha ule uongo uliobaki auandike kwenye kadi, digrii kwa digrii, ibandikwe mbele ya mshika usukani. Bandarini waliiita kadi ya makosa. Kila kadi Boje aliiandika mara mbili, akailinganisha herufi kwa herufi, ndipo akatia sahihi.

"Huyu angekuwa padri," rafiki yake Asmus alipenda kusema, "tungeungama dhambi ileile mara tatu mpaka aridhike na tahajia." Asmus alikuwa fundi mitambo, mnene, mcheshi, na alikuwa ametumikia pamoja na Boje kwenye nyambizi moja vita vizima. Yeye peke yake Kiel nzima ndiye aliyejua usumbufu ule ulitoka wapi, na hakuwa akiutaja.

Boje alizaliwa kisiwani Föhr, ambako watoto wa kiume walijua kuhesabu nyota kabla ya kuhesabu kuku. Baba yake alikuwa nahodha, babu yake nahodha, na hakuna aliyemuuliza mtoto anataka kuwa nani. Mwaka wa 1912, akiwa na miaka ishirini na mitano, jeshi la majini lilimpeleka kwenye nyambizi, na mama yake akalia kwa aibu zaidi kuliko kwa hofu. Wakati ule nyambizi ilikuwa mzaha. Maofisa wa manowari kubwa, wenye kola nyeupe na bendi ya muziki sitahani, waliziita makopo. Na kweli zilikuwa makopo: mabomba yenye injini za mafuta ya taa, zikitoa moshi mweupe unaoonekana nusu ya bahari. Watu ishirini na wanane walilala kwa zamu kwenye vitanda kumi na vinne, huku kuta zikiwatonea maji usoni na mkate ukiota manyoya siku ya tano. Wakishuka nchi kavu, wasichana waliwanusa kabla ya kuwaona.

Kisha vita vikaja. Mwezi wa pili tu, nyambizi moja kuukuu ikazamisha manowari tatu za Waingereza asubuhi moja, kabla watu hawajamaliza kunywa kahawa. Kicheko kikakatika. Wale wale wa kola nyeupe wakaanza kuwasalimia watu wa makopo barabarani, na mama yake Boje akaweka picha yake dirishani.

Lakini kazi yao kubwa haikuwa manowari. Uingereza iliishi kwa meli za mizigo, na nyambizi zilitumwa kuisambazia njaa mlango kwa mlango. Kwa muda mrefu kazi hiyo ilikuwa na adabu yake. Nyambizi iliibuka juu, ikapiga mzinga mmoja mbele ya meli, ikadai hati. Mzigo ukiwa wa kwenda kwa adui, mabaharia walipewa muda wa kushusha mashua, kisha meli ikazamishwa kwa baruti au mzinga, maana topido, makombora ya kwenda chini ya maji, zilikuwa chache na ghali mno kwa meli ya magogo. Wenye roho nzuri waliwapa watu wa mashua mkate, tumbaku, na njia ya kufika nchi kavu. Boje alikuwa mmoja wa wenye roho nzuri, na hapo ndipo masaibu yake yalipoanzia.

Ilikuwa Oktoba 1916, maili sabini mashariki, na kusini kidogo, ya visiwa vya Shetland. Nyambizi yao sasa ilikuwa mpya, ya dizeli, na Boje ndiye aliyekuwa mshika usukani mkuu, yaani njia yote ya chombo ilikuwa mikononi mwake. Walikuwa na dira ya kisasa ya gurudumu la umeme. Gurudumu lile lilizunguka kwa kasi na kuonyesha kaskazini ya kweli, chuma kiwepo kisiwepo. Kwa miaka miwili Boje alisoma namba, akaitaja, ikawa ndiyo. Mwanadamu huzoea raha upesi. Siku mbili kabla, gurudumu lile lilikufa, wakarudia dira ya zamani ya sumaku ndani ya mnara wa chuma. Dira hiyo ilikosea, wakielekea magharibi, digrii kumi na nane nzima. Walijua. Kadi ilikuwa imebandikwa pale ukutani. Sindano ikisema magharibi kamili, nyambizi kwa kweli ilikuwa inakwenda magharibi na kaskazini kidogo, na huko ndiko Shetland ilikokuwa. Kwa hiyo asubuhi nzima walishika magharibi ya ile sindano, na Boje aliandika kwenye kibao cha chaki: magharibi kamili.

Saa nne asubuhi wakaisimamisha jahazi ya Kinorwe iliyoitwa *Aslaug*, imebeba magogo ya migodi ya makaa ya Uingereza. Mashua mbili zikashushwa. Ya kwanza ilikuwa na nahodha mzee aliyetema mate kuelekea nyambizi na kuondoka bila kugeuka. Ya pili, ya naibu wake, mtu mrefu aliyeitwa Halvor, ilikuja ubavuni kuleta hati za meli kama ilivyotakiwa. Boje alizipokea, akawarushia mikate miwili.

"Upepo unatoka mashariki, hatuwezi kurudi kwetu," Halvor alisema kwa Kijerumani cha mabaharia. "Tutakwenda Shetland. Mimi nakisia magharibi, na kaskazini kidogo."

"Liondoe hilo la kaskazini," Boje akasema. "Shika magharibi kamili. Magharibi kamili, usigeuke popote. Keshokutwa mnakunywa chai ya Waingereza."

"Una hakika, bwana?"

"Nimetoka kuiandika njia hii kwa mkono wangu mwenyewe. Ningekuwa mtu wa kubahatisha, wote hawa wangekuwa chakula cha samaki zamani."

Watu wa kwenye mashua wakacheka. Kijana mmoja mwenye kofia nyekundu ya sufu aliyeudaka mkate akaunusa, akakunja uso. "Huu mkate ni wa tangu vita vianze? Asante hivyo hivyo, Mjerumani. Ukija kwetu Grimstad na sisi tutakuzamisha, lakini kwa bia."

"Nitakuja," Boje akasema.

Halvor akaigeuza dira yake ndogo, dira safi kabisa ndani ya mashua ya mbao isiyo na chuma cha kuidanganya, akaikalisha magharibi kamili. Wakaondoka wakipiga makasia.

Boje alikuja kulijua kosa lake saa nne baadaye. Walikuwa wamezama mita ishirini kuikwepa meli ya doria, yeye amekaa anajaza kitabu cha safari. Kitabu kilikuwa na safu tatu: dira inasema nini, kadi inasema nini, ukweli ni upi. Akaandika safu ya kwanza. Akaandika ya pili. Kalamu ikasimama juu ya ya tatu. Magharibi ya nyambizi haikuwa magharibi ya mtu mwingine yeyote duniani. Kwenye mashua ya mbao, magharibi kamili ilikwenda chini, ikapita kusini ya rasi ya mwisho ya Shetland, ikatokea Atlantiki, na baada ya hapo hapakuwa na nchi kavu mpaka Amerika. Halvor alikuwa amekisia sawasawa. Boje ndiye aliyemsahihisha.

Kosa bado lilikuwa bichi. Nyambizi yao ilikwenda mara nne ya mwendo wa makasia. Angesema tu, "Bwana mkubwa, nimewapotosha watu wale," wangeibuka na kuifuata ile mashua kabla ya giza. Luteni Sievert, mkuu wao, hakuwa mtu mbaya. Wakati huo huo Sievert akapita nyuma yake kwenye ile njia nyembamba, akaweka mkono begani.

"Umefanya vyema kuwapa njia, Lorenzen. Vita ni vita, lakini watu tubaki watu. Nitaliandika hilo kwenye ripoti."

"Asante, bwana mkubwa," Boje akasema.

Akajaza safu ya tatu na kufunga kitabu. Nimelifikiria sana jambo hili, na kila nikijaribu kumtetea, ulimi unanigonga kwenye hiyo asante. Kukosea kwenye hesabu kunaweza kumpata yeyote. Ile asante aliichagua.

Wiki tatu baadaye Asmus alileta gazeti la Kidenmaki kituoni. Mashua ya nahodha mzee ilifika Lerwick, bandari ya Shetland, siku ya pili. Ya naibu, watu saba, haikuonekana. Boje alimwambia Asmus kila kitu siku hiyo hiyo, wakiwa wamesimama nyuma ya ghala la betri.

"Wangapi tumewazamisha bila hata kuwaaga?" Asmus akamuuliza. "Ee? Hesabu. Halafu wewe umekwama kwa saba."

"Wale wengine niliwafanyia uadui. Hawa niliwafanyia wema."

"Basi usimfanyie mtu wema tena, na funga mdomo."

Na kwa kweli mambo yalimrahisishia kufunga mdomo. Miezi minne baadaye amri zikabadilika, hapakuwa tena na kusimamisha wala kudai hati wala mikate. Meli ilipigwa topido bila salamu, na waliokufa walikufa mbali na macho. Boje alifanya kazi yake. Vita vikaisha, nyambizi zikapelekwa kukabidhiwa kwa Waingereza, naye akabaki Kiel na ujuzi mmoja tu. Akawa fundi wa dira. Alimwoa Telse, mwanamke wa Eckernförde mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya ghuba, wakapata binti. Telse alimwona mumewe akiamka kutazama kadi aliyokwisha kuisaini, akamwona akimfuata nahodha gatini ili asome tena namba moja. Aliuliza mara mbili. Mara zote mbili aliambiwa ni tabia ya watu wa Föhr.

Mei 1926 aliitwa kwenye meli ndogo ya mvuke ya Norwe iliyoleta mbao. Ilikuwa imefungiwa winchi mpya, na chuma kipya sitahani huipotosha dira upya. Nahodha wake aliitwa Torleiv Skaar, mtu wa miaka arobaini hivi, mkimya, mwenye kula kasimama. Boje alilitambua hilo kwa sababu mpishi alileta supu ya mbaazi na kuweka viti viwili, na Torleiv akalichukua bakuli lake akaenda kuegemea mlango.

"Kaa basi, Nahodha, ule kwa raha," Boje akasema.

"Nimezoea."

Walikuwa wamemaliza nusu ya mzunguko. Torleiv alitazama Boje anavyoandika, akasema, "Wewe ni mwangalifu. Vizuri. Meli yetu ya zamani ingekuwa na mtu kama wewe..." Kisha, kama watu wakimya wanavyofanya wakishaanza, akayamwaga yote. Alikuwa serahangi, msimamizi wa mabaharia, kwenye jahazi ya matanga, vita vikiendelea. Nyambizi ya Wajerumani iliwasimamisha. Mashua mbili, na tanga zima lilikuwa moja tu, la pili lilikuwa limeoza. Katika haraka ile yeye alilinyakua lile zima na kulitupa kwenye mashua yake.

"Sikuwaza. Mkono tu ulikwenda," alisema. "Mdogo wangu alikuwa kwenye ile nyingine. Aliniona. Akacheka, akasema, 'Chukua kaka, wewe ni mzee, huwezi kupiga kasia.' Sisi tulifika. Wao na makasia yao hawakufika."

"Jahazi ilikuwa inaitwaje?" Boje aliuliza, ingawa mikono yake ilikuwa imekwisha kujua, penseli ilikuwa imeanguka.

"*Aslaug*."

"Na mdogo wako?"

"Eilev. Mwenye maneno mengi. Alikuwa na kofia nyekundu, mama aliifuma." Torleiv akaosha bakuli lake mwenyewe kwenye ndoo. "Nilimweleza mama habari ya tanga, sikumficha. Akaniambia, 'Sitakufukuza, Torleiv. Lakini sitakaa kukutazama ukila.' Miaka kumi sasa. Nikienda kwake nakula jikoni, nimesimama. Basi nimezoea."

Boje aliinama kutafuta penseli, akakaa kule chini muda mrefu kuliko penseli ilivyohitaji. Alikuwa na maneno mdomoni. Yalikuwa machache na rahisi. Tanga halikuwaua. Wangekuwa na matanga kumi wangefika Atlantiki mapema zaidi, basi. Aliinuka, akamaliza mzunguko, akasema atarudi asubuhi na kadi, akashuka.

Nyumbani Telse alikuwa anamenya viazi. Boje akakaa na koti lake.

"Umemwona mzimu au umekosea hesabu?" Telse akamuuliza. "Kwako wewe naona ni kitu kimoja."

Akamwambia. Alisema yote, tangu gurudumu lilipokufa mpaka ile asante kwa Luteni. Telse aliacha kumenya katikati ya kiazi. Boje alipomaliza, maji yalikuwa yamechemka na kumwagika jikoni.

"Miaka yote hii," Telse akasema, "mimi nilidhani una mwanamke Wilhelmshaven."

"Telse."

"Usiniambie Telse. Nilimchukia yule mwanamke. Nilikuwa nimeshampa na sura." Alijifuta macho kwa mkono wenye maganda. "Na huyo nahodha umemwacha hivyo hivyo? Amesimama mlangoni na bakuli lake?"

"Nikisema, habari itafika kila bandari kabla ya Jumapili. Nani atampa dira yake mtu aliyewapeleka watu saba Atlantiki? Tutakula nini? Mtoto atavaa nini?"

"Dada yangu ana tanuri la kukaushia samaki. Hatutakufa njaa. Tutanuka tu, na wewe umewahi kunuka vibaya zaidi." Kisha sauti yake ikapungua. "Sikuambii uende ili uwe mtu mwema, Boje. Umechelewa. Nakwambia uende kwa sababu yule mtu anabeba mzigo wako, na wewe umemwona anaubeba, na umekuja kula."

Hakula. Asubuhi alivaa suti ya kanisani na kupanda ile meli.

Alimwambia Torleiv wakiwa wawili chumbani, mlango umefungwa. Alianza na digrii kumi na nane, maana namba ndicho kitu alichoweza kukishika. Torleiv alisikiliza akiwa amesimama, mikono nyuma. Alikuwa nahodha, hakuhitaji kuchorewa.

"Sema tena, polepole," akasema.

Boje akasema tena.

"Halvor alikuwa anajua. Alikuwa na hesabu sahihi."

"Alikuwa nayo. Mimi ndiye niliyemwondolea."

Torleiv akageukia dirisha dogo la duara. "Miaka kumi nimemwomba Mungu mtu mmoja aje aniambie si kosa langu. Umekuja, umeniambia. Mbona sijapata nafuu yoyote?" Macho yake yalibaki kwenye maji. "Ulijua lini?"

"Baada ya saa nne."

"Saa nne." Sasa aligeuka. "Saa nne wangali wanaonekana! Mlikuwa na injini. Kwa nini hamkurudi?"

Boje alikuwa amejiandalia majibu njiani: meli za doria, amri, giza, ukungu. Yote yalikuwa na ukweli kidogo ndani yake. "Mkuu wangu alikuwa ametoka kunisifu," akasema.

Torleiv alimtazama. Boje alidhani atampiga, na alitamani apigwe. Aliweka hata mikono chini ili isizuie. Lakini Torleiv alikaa. Alikaa kwenye kiti, taratibu, kama mtu asiyekumbuka vizuri kiti kinavyotumika.

"Utamwandikia mama," akasema. "Wewe, kwa mkono wako na jina lako. Mimi nikimwambia ataona najitetea, nimebuni Mjerumani. Umwandikie na hilo la kusifiwa, usiliache."

"Nitaandika."

"Na kadi yangu iko wapi?"

Boje akaitoa. Torleiv aliiweka mezani, akachukua vipimo vyote vya jana, akaanza kukokotoa upya kila namba, mstari kwa mstari, thelathini na mbili. Ilichukua saa mbili na nusu. Boje alisimama muda wote huo na hakuna aliyemwambia akae. Mwisho Torleiv akasema, "Ni sawa," akaibandika mbele ya usukani, na mchana ule akang'oa nanga.

Barua Boje aliiandika siku nne. Ya kwanza ilikuwa na kurasa sita na Telse akaitia motoni. "Humu unalia wewe," alimwambia. "Mama wa watu hakuomba kukuona unalia." Iliyokwenda posta ilikuwa ukurasa mmoja. Ndani ya mwezi mmoja manahodha watatu wa Norwe walimpita na kwenda kwa fundi mwingine, na wa tatu alivuka barabara ili asikutane naye. Asmus alikuja kumgombeza, "Si nilikwambia! Si nilikwambia, kichwa cha chuma wewe!" kisha akakaa akala sahani nzima ya sprati, visamaki vya kukaushwa kwa moshi, bila kusema neno jingine, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Jibu lilikuja Agosti. Boje alishindwa kulifungua. Telse alilifungua na kumwekea mbele, naye Boje, kwa Kinorwe alichookota bandarini, akamtafsiria kwa sauti, akisoma kama mtu anayesoma namba.

"Bwana Lorenzen. Barua yako imefika na nimeisoma mara tatu, kwa sababu maandishi yako ni madogo. Torleiv alikuja Jumapili. Nilimwekea sahani mezani nikakaa nikamtazama akila. Alikula viazi vingi. Amezeeka na mimi sikuwa nimeona. Kuhusu Eilev sikusamehe, na usiniombe. Usiniandikie tena. Gudlaug Skaar."

Nje watoto walikuwa wakirushiana maji bombani. Telse aliikunja barua, akailaza juu ya meza na kuipiga pasi kwa kiganja.

"Basi," akasema. "Mwanamke yule ana roho kuliko sisi sote. Yamekwisha, Boje."

Boje akavuta karatasi mpya.

"We! Si amesema usimwandikie?"

"Simwandikii yeye. Naandika kwa Torleiv, anipe majina na anwani." Akachovya kalamu, akaikung'uta wino uliozidi. "Mashua ilikuwa na watu saba, Telse. Amejibu mama mmoja."